Mteja Hapatikani

 Kabla sijaanza nina ombi, msikilizaji. Najua saa hii redio nyingi ziko jikoni au sebuleni, na nyumba nzima imekaa ikingoja chakula. Sisi watu wa Gusii tuna chinsoni. Kuna mambo baba hayasemi binti yake akiwa karibu, na mkwe hayasikilizi mbele ya mama mkwe. Kwa hivyo kama mmekaa watu ambao chinsoni haiwaruhusu kuyasikia haya pamoja, mmoja wenu atoke kidogo akaangalie kama ng'ombe wamefungwa vizuri. Leo nazungumza juu ya ukahaba, na hasa sheria za ukahaba, za kwetu na za wenzetu.

Mimi nimekulia Nyanchwa. Kwa asiyepajua, Nyanchwa ni pale mlimani panapoutazama mji wa Kisii kwa juu. Waadventista wako pale kwa zaidi ya miaka mia moja, na kanisa lao na shule zao. Ijumaa jua likitua Sabato inaingia, na nyimbo zinashuka na mteremko. Saa hizo hizo, chini mjini, baa zinafungulia spika. Mtoto wa Nyanchwa hukua masikio yake yakipokea vyote viwili. Na akikaa hapo miaka ya kutosha, atagundua jambo lisilosemwa kanisani wala baani: njia ya kushukia mjini ndiyo hiyo hiyo ya kurudia mlimani, na wanaume wanaipita huku na huku.

Kilichonifanya nilete mada hii ni usiku mmoja wa zamani, katika mji ambao sitautaja. Nilikuwa nangoja matatu ya mwisho. Kando ya lojing'i moja walisimama wasichana wanne au watano, na mmoja wao alikuwa ameinama kwenye dirisha la gari dogo, wanapatana bei. Mara lori la kanjo, askari wa mji, likatokea bila taa. Wasichana wakatawanyika, viatu mkononi. Wawili walishikwa, na yule wa dirishani alikuwa mmojawapo. Na mwenye gari je? Hakukimbia. Hakuna aliyemwuliza hata jina. Alipandisha kioo, akawasha gari, akaweka indiketa kabla ya kuingia barabarani, maana ni mtu anayeheshimu sheria, kisha akaenda zake.

Hebu tukisikilize Kiswahili chenyewe. Anayeuza tumempa majina mengi: malaya, kahaba, changudoa kwa wenzetu wa Dar es Salaam, na dada poa. Yote yana mwiba, hata hilo la mwisho linalojifanya la kirafiki. Na anayenunua tunamwitaje? Mteja. Neno lile lile la benki na la duka la unga. Tena sisi Wakenya, tangu simu za mkononi zituingie, tumeliongezea maana: ukimpigia mtu na simu yake imezimwa, tunasema yuko mteja. Yaani hapatikani. Nadhani lugha yetu iliwahi kuona kitu ambacho bunge bado halijakiona.

Wiki jana msikilizaji mmoja alituma ujumbe akisema ukahaba ni haramu Kenya, sasa mnataka kujadili nini? Ndugu yangu, haramu kidini, hapo hatuna ugomvi, iwe kanisani Nyanchwa au msikitini kule mjini. Lakini kisheria mambo yamekaa kwa namna ya ajabu kidogo. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 63, haina kifungu kinachosema kwamba mtu mzima akiuza ngono, au mtu mzima mwenzake akiinunua, kitendo hicho chenyewe ni kosa. Ipekue utakavyo. Kinachokatazwa ni kile kilichokizunguka kitendo. Vifungu vya 153 na 154 vinamshika anayeishi kwa mapato ya ukahaba, na anayewaongoza makahaba ili apate faida. Kifungu cha 156 ni cha danguro: anayeliendesha, na anayepangisha nyumba akijua itafanyiwa nini. Kifungu cha 182 kinahusu watu walioitwa wavivu na wakorofi, na hapo kahaba anatajwa waziwazi, pale atakapokosa adabu hadharani.

Kifungu cha 153 kina kijembe chake. Mwanamume akithibitika kuishi na kahaba, au kuandamana naye kila mara, sheria inamchukulia kuwa anaishi kwa mapato hayo mpaka yeye mwenyewe aithibitishie korti vinginevyo. Ukisoma hivyo haraka utadhani kinamlenga kuwadi tu. Kisome polepole. Mwana aliyemaliza shule, hana kazi, bado analala kwa mama yake na kula ugali wa mama yake, naye anaweza kuulizwa.

Kisha zinakuja sheria ndogo za miji, na hapo ndipo lori la kanjo linapotiwa mafuta. Za Nairobi za mwaka 2007, zilizohusu kero kwa umma, zilikataza kuranda kwa nia ya ukahaba. Kwa nia! Sasa askari anaionaje nia? Anaangalia saa, anaangalia sketi, anapekua mkoba. Akikuta kondomu, ushahidi umepatikana. Na kondomu ile ile imetolewa na serikali, katika hospitali ya serikali, chini ya mpango wa Wizara ya Afya unaowahesabu wanawake hawa kati ya makundi yanayopaswa kufikiwa kwanza katika kupambana na virusi vya ukimwi. Mkono mmoja unampa, mwingine unamshika kwa kuwa amepewa.

Kabla sijasahau, kuna upande mmoja ambao mimi siujadili. Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 inamfunga si chini ya miaka kumi mtu anayemwingiza mtoto katika ukahaba au kunufaika kwa hilo, na anayelala na mtoto ana kesi ya unajisi hata kama alilipa. Ile ya 2010 dhidi ya usafirishaji haramu wa binadamu inataja kifungo cha si chini ya miaka 30. Hizo zibaki, na zitumike zaidi ya zinavyotumika sasa. Nitakayoyasema kuanzia hapa ni ya watu wazima.

Sheria hii tuliitoa wapi? Si kwa akina babu. Kanuni ya Adhabu ilianza kutumika mwaka 1930, mkoloni akiwa kitini, na maneno ya kifungu cha 153 yanafuata sheria ya Uingereza ya 1898 juu ya wazururaji. Uingereza yenyewe ilikuwa imetoka kwenye aibu nyingine. Kuanzia 1864 ilikuwa na sheria zilizowapa polisi wa miji yenye kambi za askari uwezo wa kumshika mwanamke waliyemshuku na kumpeleka apimwe magonjwa kwa lazima. Askari aliyemwambukiza hakuguswa. Josephine Butler na wenzake walipiga kelele kwa miaka mingi mpaka sheria zile zikafutwa mwaka 1886.

Nairobi ya mkoloni ilikuwa na mambo yake, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ni historia yetu na wengi hatuijui. Mwanahistoria Mmarekani, Luise White, alizungumza na mabibi waliofanya kazi hiyo Nairobi zamani, na kitabu chake kikatoka mwaka 1990. Alikuta kwamba wanawake wenyewe walikuwa na majina ya kazi zao, tena kwa Kiswahili. Watembezi walikuwa wa barabarani. Wazi-wazi walikaa nje ya milango yao na kutaja bei bila haya, na wengi wao walitoka Bukoba. Malaya alikuwa mwingine kabisa. Malaya alikaa chumbani mwake, mwanamume akamjia, akampa chai, maji ya kuoga, chakula, na mahali pa kulala. Neno ambalo leo ni tusi la kumaliza urafiki lilikuwa jina la mwanamke mwenye chumba chake na staha yake.

Na serikali? Ilijua. Ilitaka wanaume wa mashambani waje mjini kufanya kazi, kipande shingoni, kwa mshahara usiotosha kuleta mke, na mahali pa kuishi na mke hapakuwepo. Kuna mtu aliyepaswa kumpikia na kumliwaza yule kibarua ili kesho aamke aende kazini, na mwajiri hakutaka kulipa gharama hiyo. Wanawake wale waliibeba wao. Baadhi wakajenga na kununua nyumba Pangani na Pumwani, wakawa kati ya wenye nyumba wa kwanza wa Kiafrika mjini. Kwa hiyo sheria ilipoandikwa ya kumshika kahaba anayekosa adabu, haikuandikwa ili ukahaba uishe. Iliandikwa ili usionekane pale mzungu anapopita. Ukiangalia kanjo wanavyofanya kazi leo, wakifagia mji kunapokuwa na mgeni mkubwa, utaona maagizo hayajabadilika sana.

Majengo ya Pumwani iliipa dunia kitu kingine pia. Tangu miaka ya themanini, watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wa Manitoba, Kanada, wamekuwa na kliniki ya wanawake wanaouza ngono pale. Wakaona kwamba baadhi yao walikutana na virusi vya ukimwi mwaka baada ya mwaka bila kuambukizwa. Damu yao ikawa darasa la wanasayansi wanaotafuta chanjo. Wanawake hao hao wangeweza kushikwa jioni ile ile wakitoka kliniki, kwa nia.

Sasa twende kwa wenzetu. Tuanze na jirani yetu, Uganda. Kule kitendo chenyewe ni kosa, na adhabu inafika kifungo cha miaka saba. Fikiria mpaka wa Busia, ambapo mtu anavuka kwa miguu kununua ndizi. Mwanamke anaweza kuwa Mkenya asiye na kosa upande huu, akivuka hatua mia mbili awe mtu wa miaka saba. Je, madereva wa malori wameona ukahaba umepungua upande wa pili? Waulize wao. Mimi jibu lao nalijua.

Kisha Sweden. Tarehe 1 Januari 1999 walifanya jambo ambalo halikuwa limefanyika mahali pengine: wakasema anayeuza hana kosa, anayenunua ndiye mkosaji. Mwanzoni faini au kifungo cha hadi miezi sita, na mwaka 2011 wakapandisha hadi mwaka mmoja. Norway na Iceland zikafuata 2009, Ufaransa 2016 na faini yake ya hadi yuro 1,500, na njiani Kanada, halafu Ireland. Nakiri kwenu kwamba nilipoisikia sheria hiyo mara ya kwanza nilisimama nikapiga makofi peke yangu nyumbani. Nilimkumbuka yule bwana wa indiketa. Nikasema, hii ndiyo sheria yake, hatimaye mteja amepatikana.

New Zealand walikwenda njia nyingine. Mwezi wa Juni 2003 bunge lao lilipiga kura, 60 kwa 59, kura moja tu, wakaiondoa kazi hiyo kwenye sheria za jinai kabisa. Mtu wa miaka 18 na zaidi anaweza kuifanya. Wanawake hadi wanne wanaweza kufanya kazi nyumba moja bila bosi na bila cheti cha uendeshaji. Mwenye danguro kubwa ana masharti kama mwajiri mwingine yeyote. Mwanamke mmoja wa danguro la Wellington alimshtaki meneja wake kwa kumsumbua kwa maneno machafu ya kingono, na mwaka 2014 baraza la haki za binadamu likampa fidia ya dola 25,000 za huko. Ndiyo, umesikia vizuri. Kahaba alisema bosi wake anamsumbua, na akasikilizwa. Sheria yao ina kasoro, maana mgeni mwenye viza ya muda haruhusiwi kufanya kazi hiyo, kwa hiyo aliye mnyonge zaidi ndiye aliyebaki nje.

Ujerumani na Uholanzi walichagua kuiruhusu na kuiwekea leseni na madaftari. Sitakaa huko, ni nchi zenye karatasi nyingi kuliko zetu, na hata kwao wengi hawaendi kujiandikisha. Ninayetaka mmsikie ni Senegal, maana ni Mwafrika mwenzetu, tena nchi ya Waislamu wengi. Tangu miaka ya sitini wana daftari. Mwanamke awe ametimiza miaka 21, ajiandikishe, abebe kadi ya afya, na aende kupimwa kila mwezi. Kwenye karatasi inapendeza. Lakini fikiria mji kama wetu. Nani atakwenda ofisini Kisii, mahali ambapo karani ni binamu ya shangazi yako, akaandike jina lake kwenye daftari hilo? Kule Senegal nako walio wengi hawajaandikwa, na asiye na kadi ndiye anayekamatwa. Tena wanaopimwa ni akina nani? Wanaouza peke yao. Ukimchunguza vizuri utaona ni yule yule Mwingereza wa 1864, amepaka rangi mpya.

Narudi kwa Sweden na makofi yangu. Kuna mama mmoja anauza mboga soko ambalo nalipitia, na zamani zake aliwahi kusimama barabarani. Hafichi, ila hatangazi. Nikamweleza sheria ya Waswidi kwa furaha kama nimempelekea habari njema. Hakufurahi. Aliniuliza kama nadhani mwanamume anayeogopa kukamatwa atakubali kusimama kwenye taa. Atataka mahali pa giza zaidi, mbali zaidi, na wakati wa kumwangalia uso na kuamua kama ni mtu mwema au muuaji utakuwa umekwisha. Kisha akaniuliza swali la pili, na hili ndilo lililonimaliza: huyo askari utakayempa mamlaka ya kumshika mteja, atampeleka kortini au atamfungulia mkono?

Sikuwa na jibu. Sweden ina askari wake na sisi tuna wetu. Hata kule, mwenye nyumba anayejua mpangaji wake anafanya kazi hiyo chumbani analazimika kumwondoa, kwa hiyo yule ambaye sheria inasema hana kosa anajikuta nje na mizigo yake. Kwetu, kumwongezea kanjo mtu wa pili wa kumtisha ni kumpanulia soko. Mwenye gari atalipa elfu mbili aende, na msichana atalipa mia tano aende, na mahakama haitawaona wote wawili. Kwa hiyo makofi yangu nimeyarudisha mfukoni, ingawa moyo bado unauma nikimkumbuka yule bwana.

Basi nasimamia wapi? Nasema tuanze na lililo karibu na lisilohitaji ndege ya kwenda kujifunza Ulaya. Tuache kuwakamata wanaouza. Tufute kuranda kwa nia. Tuondoe neno kahaba kwenye kifungu cha 182, na tukiandike upya kifungu cha 153 kimshike kuwadi peke yake. Si jambo geni Afrika. Malawi mwaka 2016 wanawake 19 walikuwa wametiwa hatiani kwa kifungu kilichozaliwa tumbo moja na hivi vyetu, kile cha kuishi kwa mapato ya ukahaba. Mahakama Kuu ikaifuta hukumu, ikasema kifungu kile kilikusudiwa kumlinda mwanamke asinyonywe, hakikukusudiwa kumwadhibu yeye. Na tarehe 4 Desemba 2020, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko hapo Arusha, ilitoa maoni kwamba sheria za uzururaji za namna hii hazipatani na Mkataba wa Afrika, ikazitaka nchi zizifute au kuzirekebisha. Arusha si Stockholm.

Najua omogaka mmoja huko, mzee wetu wa heshima, amekunja uso. Anasema huyu anataka kutuletea madanguro Kisii. Omogaka, sijasema hivyo. Sijaomba leseni wala mtaa wa taa nyekundu. Unaweza kuamini kwamba ukahaba ni dhambi, na mimi nimelelewa hivyo hivyo, na bado ukaona kwamba kumpakia binti kwenye lori usiku hakujamwokoa hata mmoja. Akitoka seli asubuhi ana deni la faini. Atalilipa kwa kazi gani? Na akipigwa na mteja wiki ijayo hawezi kwenda kituoni kuandikisha, kwa sababu kueleza alikuwa wapi ni kujishtaki mwenyewe. Mwanamume mwenye kisu anaijua hesabu hiyo kuliko wabunge.

Kero za mji na leseni za pombe ni kazi ya kaunti, Katiba ya 2010 imesema. Sheria ndogo hupita bunge la kaunti, na Kifungu cha 196 cha Katiba hiyo kinalitaka bunge hilo lishirikishe wananchi. Mkutano wa kuwashirikisha huwa na viti vitupu na soda. Ukisikia umeitishwa, iwe Kisii au Nyamira, shuka uende. Usiende kuhubiri wala kutukana. Mwombe ofisa aliye mbele hesabu ya waliokamatwa mwaka jana kwa mambo ya ukahaba, kisha umwulize kati yao wateja walikuwa wangapi, na uandike atakachokujibu.

Simu zetu ziko wazi mpaka saa tatu. Na yule aliyetoka kuangalia ng'ombe, mwiteni arudi, chakula kinapoa.